Mafunzo ya Porini na Kazi ya Pamoja kwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kabla ya safari ya kwanza ya kiangazi, wanafunzi, wazazi wao na walimu wenzetu hutuuliza maswali yaleyale. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linadai maelezo. Mengine ni mafupi, na hayahitaji zaidi.

Mafunzo ya porini ni nini, na yanatofautiana vipi na matembezi ya kujifurahisha?

Ni njia ya kufundisha ambamo kikundi kidogo cha wanafunzi, kwetu sisi kati ya 8 na 12, hupelekwa nje ya mji na kupewa kazi za kweli ambazo hakuna anayeweza kuzimaliza peke yake: kutafuta njia kwa ramani na dira, kusimamisha turubai kabla giza halijaingia, kupika kwa kuni, kuvuka kijito na mizigo yote, kumbeba mwenzao anayejifanya ameumia kwa machela ya miti miwili na makoti. Baada ya kila kazi kikundi huketi na kuzungumzia kilichotokea. Matembezi ya kujifurahisha yana mandhari, chakula na picha, lakini hayana mazungumzo hayo, na ndiyo maana mtu anaweza kwenda matembezini mara ishirini akarudi na tabia ileile aliyoondoka nayo.

Njia hii ilianzia wapi?

Anayetajwa zaidi ni mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Alikamatwa mwaka 1933 kwa kumpinga Hitler, kisha akahamia Uingereza. Mwaka 1941, katikati ya vita, yeye na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Holt alikuwa na hofu moja mahususi: aliamini kwamba meli ilipozamishwa, mabaharia vijana walikata tamaa mapema kuliko wazee, ingawa walikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu hawakuwahi kujaribiwa. Jambo hilo ni vizuri kulikumbuka, kwa kuwa wengi hudhani mafunzo haya yalibuniwa na watu wenye nafasi waliokosa la kufanya.

Baadaye yalienea. Katika miaka ya 1950 Outward Bound ilikuwa na shule Loitokitok, Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro. Nchini Marekani, Paul Petzoldt alianzisha NOLS mwaka 1965 kwa ajili ya kuwafundisha viongozi wa safari za nje, na mwaka 1971 Project Adventure ikayaingiza mazoezi hayo katika shule ya kawaida ya Massachusetts. Kuhusu vyuo vikuu, Dartmouth imekuwa ikiwapeleka wanafunzi wapya porini kabla ya masomo kuanza tangu mwaka 1935.

Tayari tunawapa wanafunzi kazi za kikundi chuoni. Je, hazitoshi?

Kila aliyesoma Lubumbashi anajua namna "te-pe", yaani kazi ya vitendo, ya kikundi inavyofanyika. Asistanti, yaani mwalimu msaidizi, anatoa kazi kwa watu sita. Wawili wanatafuta habari, mmoja anachapa, mmoja anatoa pesa ya karatasi, na wawili waliobaki wanaandikwa majina kwenye jalada. Wote sita wanapata 14 juu ya 20. Hatuwalaumu sana, kwa sababu kazi yenyewe imepangwa hivi kwamba mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuwabeba wengine, na uzembe wa wengine hauonekani popote isipokuwa moyoni mwa yule aliyekesha.

Porini uzembe unaonekana siku hiyohiyo, na anayeuadhibu si mwalimu. Mwaka mmoja kikundi cha watu tisa kilifika kambini jioni kikiwa na unga wa bukari (ugali), samaki wakavu, mafuta, chumvi, sufuria mbili na mwiko, lakini bila kiberiti. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake amekibeba. Walikuwa wameandika orodha nzuri kabisa ya vifaa, kwa mistari iliyonyooka. Walichosahau ni kuandika jina la mtu mbele ya kila kifaa. Wawili wakatumwa pamoja na kiongozi hadi kambi ya kikundi cha pili kuomba njiti, wakarudi nazo tano zimefungwa ndani ya karatasi kama vidonge vya hospitali. Walikula saa nne usiku. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria juu ya kugawana majukumu, nasi hatukuwahubiria.

Methali ya kidole kimoja na chawa inajulikana na kila mtoto wa Kiswahili. Kuijua, hata hivyo, hakujawahi kumfundisha mtu kuinua machela kwa wakati mmoja na wenzake watano.

Ni nini hasa kinachobadilika ndani ya kikundi?

Mwaka 1965 Bruce Tuckman alieleza hatua nne ambazo kikundi hupitia: watu hukutana na kuwa wapole, kisha hugongana, kisha hujiwekea kanuni, ndipo hufanya kazi vizuri. Mwaka 1977 aliongeza ya tano, kuagana, akiwa na Mary Ann Jensen. Chuoni kikundi kinaweza kukaa mwaka mzima katika hatua ya kwanza, kila mtu akiwa mpole kwa mwenzake na kazi ikilala. Porini hatua ya pili hufika kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu jua, njaa na uzito wa mizigo havingoji mtu awe tayari.

Tuchukue turubai. Kikundi cha watu wanane, upepo umeanza, wingu jeusi la mvua za kwanza linatoka upande wa kaskazini. Shefu wa promosheni, yaani kiongozi wa darasa lao, anatoa amri, kama alivyozoea katika oditwari, ukumbi wa mihadhara. Wavulana wawili wengine nao wanatoa amri, tofauti na zake. Pembe tatu zimeshikwa na mikono sita. Pembe ya nne inapigapiga chini bila mtu. Msichana mmoja aliyelelewa Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, anasema kwa sauti ya chini kwamba fundo lao litateleza. Hakuna anayemjibu. Anarudia. Fundo linateleza, turubai linaanguka, na mvua inawakuta wote wamesimama chini ya mti mmoja mdogo wa miombo usiofaa kitu. Mvua ilipopungua, yeye ndiye aliyefunga kamba zote nne kwa fundo la wavuvi alilofundishwa na baba yake, na shefu wa promosheni ndiye aliyemshikia kamba.

Katika mazungumzo ya jioni ile msichana yule alisema maneno machache tu: "Nilisema mara mbili." Shefu alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba alimsikia mara zote mbili, ila hakudhani kwamba mtu asiyezungumza oditwarini anaweza kuwa na la kusema. Tungeweza kutoa mhadhara wa saa mbili juu ya kusikilizana bila kuyafikia maneno hayo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni huenda wasilione. Masomo yetu hutolewa kwa Kifaransa, na katika oditwari anayesikika ni yule mwenye Kifaransa laini. Porini Kiswahili hujitokeza chenyewe, kwa sababu hakuna anayepiga kelele "shika kamba!" kwa lugha ya mtihani. Aliyekuwa bubu mwaka mzima huanza kuongoza. Kwa maoni yangu, hii ni faida kubwa kuliko mazoezi yote tuliyoyasoma vitabuni, na ndiyo sababu hatuendeshi mazungumzo ya jioni kwa Kifaransa. Ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, wakiwemo wanaotoka Kasai, husaidiwa na wenzao, na kusaidiwa huko nako ni sehemu ya kazi.

Mazungumzo ya baada ya zoezi ni ya lazima? Wanafunzi huwa wamechoka.

Ni ya lazima. Zoezi lisilozungumziwa ni mchezo. David Kolb, katika kazi yake ya mwaka 1984, alieleza kujifunza kwa vitendo kama mzunguko: mtu hutenda, hutafakari alichotenda, hupata wazo la jumla, kisha hulijaribu wazo hilo upya. Anayekata mzunguko baada ya kutenda amebaki na uchovu tu.

Sisi hutumia maswali matatu, na kwa mpangilio uleule: Nini kimetokea? Kwa nini kimetokea? Kesho tutafanya nini tofauti? Swali la kwanza ndilo gumu, kwa sababu watu hukimbilia la pili na kuanza kulaumiana. Tunawataka wataje matendo, si tabia. "Uliachia kamba kabla hatujahesabu tatu" ni jambo linaloweza kurekebishwa kesho. "Wewe ni mzembe" ni tusi. Heshima ya umri huleta ugumu wake pia: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kumkosoa kaka wa mwaka wa tatu mbele za watu kwa urahisi, wala hatutaki avunje adabu. Tumeona inasaidia mkubwa akianza kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Akishafanya hivyo, mdogo hupata mlango wa kuingilia.

Kiongozi wa safari hufanya nini kikundi kinapohangaika?

Hunyamaza. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, hasa kwa mwalimu. Ukiwaona wanasoma ramani kichwa chini, mkono unawasha kuigeuza. Kanuni yetu ni kwamba kosa litakalowaletea njaa, jasho au aibu ndogo tunaliacha liendelee. Kosa litakaloleta jeraha tunalizuia papo hapo, kwa sauti, bila kuomba radhi.

Kuna ushahidi kwamba mafunzo haya yanafaa, au ni hadithi za walimu tu?

Upo. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake watatu walikusanya matokeo ya tafiti 96 za mafunzo ya namna hii. Walikuta mabadiliko ya wastani yenye ukubwa wa 0.34 kwa kipimo cha watakwimu, kiasi ambacho si cha kutisha wala cha kupuuzwa. Lililowashangaza wengi ni kwamba washiriki walipopimwa tena baada ya muda, mabadiliko yalikuwa yameongezeka kwa 0.17 badala ya kufifia, ilhali mafunzo mengi mtu huyasahau akishafanya mtihani. Tafiti zile zilitofautiana sana, nyingine zikionyesha faida ndogo mno, na kozi ndefu kwa jumla zilifanya vizuri kuliko fupi. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kwamba Jumamosi moja itaigeuza promosheni nzima, usimwamini, hata akiwa mmoja wetu.

Hapa Lubumbashi hatuna milima mirefu. Tutaenda wapi?

Mlima si sharti. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200, na ukitoka nje yake unaingia kwenye misitu ya miombo na vichuguu vya mchwa vyenye urefu wa mita kadhaa. Mahali kama hapo ni bora kwa zoezi la ramani na dira, kwa kuwa miti inafanana pande zote na mtu hawezi kujidai kwamba anaijua njia. Kwa safari za siku moja huwa tunatafuta shamba la mtu tunayemfahamu, lenye kijito na kivuli.

Kwa safari ndefu, wengi huota Mbuga ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Ni mahali pa ajabu, lakini panahitaji kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia mbuga, gari imara, walinzi na habari za karibuni za usalama. Msianzie huko.

Ni majira gani yanafaa?

Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati hakuna mvua. Mwezi wa Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mwanafunzi aliyekuja na shuka moja atalikumbuka usiku huo mpaka siku ya diploma yake. Safari za Oktoba hubeba hatari ya radi za mwanzo wa masika, nasi huzifanya za siku moja tu.

Vipi kuhusu usalama?

Tunaanza na ruhusa. Chifu wa kijiji anajulishwa kabla, si siku ile ya kufika, na anaelezwa tunakuja wangapi na kufanya nini, kwani kundi la vijana wanaotembea na ramani katika eneo la madini linaweza kueleweka vibaya. Orodha ya majina na saa ya kurudi huachwa kwa mtu mmoja mjini ambaye ana wajibu wa kututafuta tukichelewa.

Maji ya kunywa tunayabeba kutoka mjini kwenye bidoni (madumu). Wanafunzi huuliza kwa nini tusichemshe ya mtoni. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali, na katika mkoa wa shaba na kobalti hatuwezi kujua kila kijito kimepita wapi. Kwa sababu hiyohiyo hatukaribii machimbo ya zamani, hata yale yenye maji ya buluu ya kuvutia: kingo zake hubomoka. Mto mkubwa kama Lufira una mamba na viboko, hatuogi humo.

Nyoka anayetuhangaisha zaidi ni moma, kwa sababu hakimbii akisikia hatua. Hubaki amelala njiani. Tunavaa viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, na mkono hauingizwi ndani ya shimo la kichuguu kwa sababu yoyote. Mtu akiumwa, hatuchanji, hatunyonyi sumu, wala hatufungi kamba ya kukaza. Kiungo kinatulizwa kwa vijiti kisitikisike, na mgonjwa anabebwa kwenda hospitali mara moja. Hapo ndipo zoezi la machela huacha kuwa zoezi, na ndiyo maana tunalirudia mpaka watu wanalichukia.

Moto wa kiangazi huruka. Tunafyeka duara kabla ya kuwasha, tunaweka mchanga na maji kando, na hakuna anayelala kabla majivu hayajapoa. Kila hema lina chandarua, kiangazi kiwe kiangazi.

Mwanafunzi mwenye hofu, au mwenye ulemavu, atalazimishwa?

Hapana. Tunafuata kanuni iliyoenezwa na Karl Rohnke wa Project Adventure, kwamba mshiriki mwenyewe ndiye anayechagua kiasi cha changamoto atakachokipokea. Kuchagua huko si ruhusa ya kwenda kulala: asiyevuka kijito kwa kamba atapewa kazi nyingine ambayo kikundi kinaihitaji kwelikweli, kama kushika saa, kuhesabu watu au kuongoza kwa sauti. Tuliwahi kuwa na mwanafunzi aliyetembea kwa magongo. Kikundi chake ndicho pekee kilichopanga njia yake kwenye ramani kabla ya kuondoka, kwa kuwa kilijua hakiwezi kubahatisha.

Je, wasichana ndio watakaopika?

Zamu ya kupika hupangwa kwa bahati nasibu ya vikaratasi, na hakuna kubadilishana. Wavulana kadhaa wamejifunza kusonga bukari katika safari zetu. Za kwanza zilikuwa na madonge, na zililiwa hivyohivyo.

Mzazi anasema: "Asistanti, nimemtuma mtoto kusoma, siyo kulala msituni." Tumjibu nini?

Msimjibu kwa haraka, maana amelipa ada kwa shida na ana haki ya kuuliza. Mweleze kwamba mhandisi wa mgodini, daktari wa zamu na mwanasheria wote watafanya kazi na watu wasiowachagua, na kwamba chuo hakina chumba kingine cha kulijaribu jambo hilo. Kisha mwoneshe orodha ya usalama. Kwa uzoefu wetu, wazazi wengi hawapingi somo. Wanaogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki.

Safari inagharimu kiasi gani?

Gharama kubwa ni nauli ya basi dogo. Mengine hupatikana: turubai la kuazima, kamba, sufuria kutoka nyumbani, unga unaochangwa kwa vikombe. Msinunue vifaa vya ng'ambo.

Je, zitolewe alama?

Tulijaribu mara moja, na kila mtu akaanza kujifanya anashirikiana mbele ya mwalimu. Tukaacha. Siku hizi kila mmoja huandika ukurasa mmoja juu ya jambo alilolifanya na kulijutia, nao husomwa bila kuhesabiwa juu ya 20.

Tukirudi chuoni, mafunzo hayo hayatasahaulika?

Yatasahaulika yasipofungwa kwenye kazi. Kikundi kilichotoka porini kipewe te-pe ya kweli ndani ya wiki mbili, wanachama wakiwa walewale, na kabla ya kuanza waandike kanuni tatu walizozigundua wenyewe. Katikati ya kazi wakutane nusu saa kujibu maswali yale matatu. Asistanti asiyeweza kupata nusu saa hiyo asijisumbue kuwapeleka porini.

Nije na nini siku ya safari?

Viatu vilivyofungwa, soksi mbili, koti zito, blanketi, kofia, sahani na kijiko, lita tatu za maji, dawa zako mwenyewe kama unazitumia, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu ya kawaida haiandiki vizuri kwenye karatasi iliyolowa. Simu itakusanywa na kuwekwa kwa kiongozi. Vifaa vya kikundi vitagawanywa Ijumaa saa kumi jioni, kila kimoja kikiwa na jina la mtu mbele yake, tukianza na kiberiti.